Dobi Asiyetenda Dhambi

Dobi alibatizwa Jumapili tarehe 9 Machi 2014. Anayetaka kuhakikisha aingie dukani kwake ainue macho: cheti kimetundikwa juu ya meza ya kupigia pasi, ndani ya fremu ya kioo, kikiwa na mhuri wa kanisa na sahihi ya mchungaji. Mvuke umekikunja pembeni na wino wa sahihi umeanza kutawanyika, lakini tarehe inasomeka vizuri. Wateja wanaosubiri mashati yao wameisoma mpaka wameikariri.

Kabla ya siku hiyo mtaa ulimwita Dobi, basi. Baada yake alianza kuwajibu watu salamu kwa namna mpya.

"Habari za leo, Dobi?"

"Mimi ni mtu mpya."

"Na shati langu?"

"Shati bado."

Jina likamganda: Mtu Mpya. Wengine walilitamka kwa heshima, wengine wakiwa wameuma midomo wasicheke. Yeye aliwaitikia wote sawasawa.

Kanisa lake linakutana katika jengo la mabati lililokuwa ghala la saruji, na siku za joto vumbi la saruji bado linashuka kutoka kwenye maboriti na kutua juu ya kofia za akina mama. Fundisho kuu la pale ni kwamba aliyezaliwa mara ya pili hatendi dhambi. Si kwamba anajitahidi asitende, wala kwamba anatenda kidogo. Hatendi. Mtu wa kale amekufa na kuzikwa majini, na maiti, kama mchungaji anavyopenda kusema, hakohoi. Ikionekana muumini ameteleza, basi kilichoteleza ni mwili. Yeye mwenyewe hakuwepo.

Fundisho hili lilimkaa Dobi kama shati lililopimwa kwake, kwa sababu Dobi alikuwa na tabia moja ambayo wenye kazi yake wanaijua vizuri. Alivaa nguo za wateja.

Alianza zamani, akiwa bado anajifunza kunyoosha kola. Suti imesafishwa, imepigwa pasi, inaning'inia kwenye mfuko wa nailoni ikimngoja mwenyewe hadi Jumatatu, na Jumamosi kuna harusi ya binamu. Nani angevumilia? Lakini alikuwa na masharti yake. Hakuvaa nguo ya mtu wa mtaa uleule. Hakula chakula chenye mchuzi akiwa ndani yake. Hakucheza muziki kwa kuinua mikono, maana makwapa ndiyo hufumuka kwanza. Jambo hilo aliliita kuazima, na alikuwa akiona haya. Alipita vichochoroni, na akisifiwa alisema haraka, "Ah, ya zamani hii," huku akiangalia pembeni.

Alipobatizwa aliacha. Hili lazima lisemwe, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu halikudumu. Mwaka ule ulikuwa haujaisha kwaya ilipoalikwa kuimba mahali, wakatakiwa wavae mashati meupe, na shati jeupe kuliko yote dukani lilikuwa la daktari wa meno. Dobi alilitazama muda mrefu. Halafu akapata neno. Nguo ikikaa sana kwenye nailoni hunuka dawa, akajieleza. Dobi mwangalifu huitoa, huivaa, huitembeza. Hiyo si kuazima. Ni kuipa hewa. Tangu siku hiyo amezipa hewa nguo nyingi, tena kwa kupita barabara kuu.

Mkewe ndiye anayefua. Dobi hukaa kaunta na pasi. Mke hukaa uani na mabeseni, sabuni, brashi na dawa za madoa, na mikono yake imepasuka kwenye vifundo kwa sababu ya kazi hiyo. Amelelewa katika kanisa la mama yake, la zamani, ambako watu hupiga magoti kila wiki na kukiri makosa yao. "Kila Jumapili nilikuwa naomba msamaha," huwaambia wateja wa kike, "na kila Jumatatu nilikuwa nimeshapata kingine cha kuombea." Alimfuata mumewe kwenye lile ghala kama wake wengi wanavyofuata, akabatizwa naye. Inasemekana alitoka majini akikohoa sana, na mchungaji hakupendezwa.

Mwaka huu ilitangazwa kwamba Dobi atapandishwa kuwa mzee wa kanisa.

Pale, kumpandisha mtu uzee kuna utaratibu wake. Anayepandishwa husimama mbele ya watu. Mchungaji humwuliza kama ametenda dhambi tangu alipotoka majini. Akishajibu kwamba hapana, mkewe huitwa asimame kando yake na kuulizwa kama jibu hilo ni kweli, kwa sababu, anasema mchungaji, hakuna anayemjua mtu kuliko anayemfulia soksi. Mke akisema "Ni kweli," mafuta ya upako humiminwa. Hakuna mke aliyewahi kusema vingine.

Dobi hakuwa na wasiwasi juu ya utaratibu huo, kwa sababu ambayo hakuisema. Suruali za wazee wote wa kanisa hupita mikononi mwake, na suruali zina mifuko. Ametoa humo tiketi za kubahatisha, vipisi vya sigara vilivyofungwa vizuri kwa karatasi, na mara moja hereni ambayo mke wa mwenye suruali hajawahi kuivaa. Kanuni ya kazi ni kukitia kilichopatikana kwenye kimfuko, kukibana kwa pini kwenye nguo, na kunyamaza. Mwanzoni vitu hivyo vilimsikitisha. Baadaye vilimfariji sana.

Jumamosi, siku moja kabla ya kupakwa mafuta, Mshereheshaji alikuja kuchukua suti yake. Huyu ni mtu wa maneno mengi ambaye riziki yake ni kusimama ukumbini na kipaza sauti akiwaomba wageni wapige makofi kwa mambo ambayo hawakuyapanga kuyapigia. Ana suti nzuri moja tu, ya sufu ya kijivu yenye bitana nyekundu, na mabega yake yanalingana kabisa na ya Dobi.

"Mtu Mpya! Nipe ngozi yangu, jioni nina harusi."

"Bado haijakauka, bosi."

"Haijakauka? Si nilikuletea tangu Jumatatu? Unaikausha chini ya kitanda?"

"Sufu ndivyo ilivyo. Ukiivaa na unyevu mabega yatashuka, halafu watu watasema dobi wako amekuharibia. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu maharusi watakuwa wameshaanza kununiana. Mimi naitaka leo."

"Nakuhurumia wewe, bosi."

"Wewe si ndiye uliyeokoka? Hebu niangalie usoni. Hunidanganyi?"

Dobi hakumwangalia usoni. Alinyoosha kidole kwenye cheti. "Soma mwenyewe."

Mshereheshaji akasoma. "Imeandikwa ulibatizwa lini," akasema. "Haijaandikwa suti yangu iko wapi." Lakini hakuwa na muda wa kubishana. Akaenda kuazima koti la shemeji yake, na jioni ile aliendesha harusi nzima akiwa ameficha mkono mmoja mfukoni, kwa sababu mikono ya koti iliishia karibu na kiwiko.

Suti yenyewe ilikuwa nyuma ya pazia, kavu, imenyooshwa, mstari wa suruali ukiwa mkali kama makali ya kisu. Mkewe alikuwa amekaa hapohapo chini yake, akikaza kifungo kwa sindano. Alisikia kila neno.

"Baba, hii suti imekauka tangu Jumatano."

"Najua."

"Sasa mbona umemwambia vile?"

"Sikusema uongo. Nilinena kwa hekima."

"Ulisema haijakauka."

"Ulimi ndio uliosema, mama. Mwili huo. Mimi mwenyewe sikuwepo."

"Kaunta alikuwepo nani, basi? Maana nilisikia sauti, nikadhani ni ya mume wangu."

Dobi akafunga pazia ingawa duka lilikuwa tupu. "Kesho nasimama mbele ya watu wa Mungu. Unataka nisimame na lile koti langu lililotoboka kiwiko?"

"Simama nalo. Kiwiko hakina dhambi."

"Wewe hutaki nipande."

"Panda, nani amekushika mguu? Lakini kesho naulizwa mimi. Kwa mdomo wangu huu. Nijibu nini?"

"Sema ni kweli. Maneno mawili tu. Wake za wazee wote wameyasema, na wote wako hai."

"Yaani ili wewe usiwe na dhambi, mimi nitende moja."

Dobi alifikiri kidogo. "Na wewe umebatizwa," akasema. "Ukitamka wewe, ni mwili tu."

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Nisikilize, baba. Kabla hujaokoka ulikuwa unavaa nguo za watu na kuona haya. Sasa unavaa nguo za watu, haya huna. Mimi tofauti niliyoiona ni hiyo."

Usiku ule walilala bila kuzungumza, na asubuhi walitembea kwenda kanisani wakiwa wameachana hatua kadhaa, yeye mbele na suti, mkewe nyuma na gauni lake mwenyewe.

Ghala lilijaa. Mchungaji alimsimamisha Dobi mbele ya madhabahu, chini ya feni pekee inayofanya kazi, akamzungusha kidogo ili watu wamwone vizuri.

"Ndugu, tangu siku ulipotoka majini, umetenda dhambi?"

"Sijatenda."

"Amina!" wakasema watu.

"Hata ya mawazo?"

"Hata ya mawazo."

"Amina!"

"Mama, sogea."

Mkewe alisogea. Mchungaji alimpa kipaza sauti, na kwa mkono mwingine tayari alikuwa ameshika chupa ya mafuta, kizibo kimefunguliwa.

"Haya aliyosema mumeo ni kweli?"

"Mume wangu si mtu mbaya," alisema. "Hanywi pombe. Hajawahi kuniinulia mkono. Nikiumwa, anafua yeye, ingawa hajui kufua."

"Mama, swali ni moja tu."

"Ndilo nalijibu. Si kweli. Suti aliyovaa si yake, ni ya mteja. Jana mwenyewe alikuja kuichukua, akamwambia haijakauka."

 Wazee waliokaa mstari wa mbele wote walianza kuangalia viatu vyao. Mmoja aliingiza mkono mfukoni, akapapasa ndani, akautoa taratibu.

Mchungaji alimgeukia Dobi. Hakuwa na namna nyingine. "Ndugu, suti hii ni ya nani?"

Waliokaa karibu wanasema Dobi alimwangalia mkewe, na jasho lilikuwa linamtiririka kutoka kwenye paji la uso, na mdomo wake ulifunguka kama wa mtu anayetaka kusema neno fupi.  Kisha macho yake yakatua kwenye ile chupa. Akainua mikono yote miwili juu, makwapa yakavutika, akapaza sauti:

"Vyote ni vya Bwana!"

"Amina!" likaitikia ghala zima, na kwa nguvu kuliko mara zote zilizotangulia, kwa sababu watu walikuwa wamebana pumzi. Mpiga ngoma akapiga. Mpiga kinanda akadaka. Mchungaji akatoa leso akajifuta, akatangaza kwamba mshitaki alijaribu kuingia katikati yao asubuhi ile lakini ameshindwa. Mshitaki huyo alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Akanyang'anywa kwa upole, akaongozwa hadi benchi la mwisho, karibu na mlango, akaambiwa atakaa hapo mpaka atakapofundishwa upya.

Kisha Dobi akapakwa mafuta. Mchungaji huyu si bahili wa mafuta. Yalimwagika utosini, yakazunguka sikio, yakashuka shingoni, yakaingia kwenye kola, na sufu ya kijivu ikayanywa mpaka begani.

Nyumbani Dobi alivua suti na kumnyooshea mkewe, kama alivyozoea kumnyooshea kila kitu chenye doa.

"Toa mwenyewe," alisema mkewe.

"Umeniaibisha mbele ya watu, halafu unakataa kazi?"

"Hukuaibika. Umepakwa mafuta." Alikuwa anamenya vitunguu na hakuinua kichwa. "Nilikuona pale, baba. Ulitaka kusema. Niliona midomo yako."

Dobi aliitandaza suti mezani.

"Ungesema tu, suti si yangu, nimekosa. Ningekunyang'anya kile kipaza sauti palepale niwaambie watu, jamani, huyu kweli ni mtu mpya, nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii sijawahi kulisikia neno hilo likitoka kwake."

"Na uzee je?"

"Uzee unakuja wenyewe. Angalia nywele zako."

Basi akalishughulikia doa mwenyewe. Alinyunyiza poda ya mtoto. Akapitisha pasi ya moto juu ya gazeti, na doa likaingia kwenye bitana. Akafuta kwa petroli. Lililokuwa doa la ukubwa wa ngumi likawa la ukubwa wa sahani, na sasa lilinuka kama gereji. Mkewe alipita mara mbili kwenda uani, akatazama, akaendelea na safari yake.

Jumatatu Mshereheshaji alifika mapema.

"Imekauka?"

"Imekauka, bosi," alisema Dobi, na kwa mara ya kwanza katika mazungumzo yao yote alikuwa anasema kweli. Aliitoa suti ikiwa imekunjwa begani kwa ustadi. Mshereheshaji akaikunjua.

"Hii nini?"

"Chupa ilianguka hapa dukani."

Mshereheshaji akainusa. "Chupa ya nini? Lori?"

"Aliivaa jana kanisani," ilisema sauti nyuma ya pazia.

"Aah!" Mshereheshaji alipiga paji lake la uso. "Ndiyo maana! Shangazi yangu alinipigia simu jana analia kwa furaha, eti suti yangu imeonekana madhabahuni. Nikamwambia shangazi, basi imeokoka peke yake, mimi nilikuwa nimelala." Hakuwa anacheka tena alipomaliza. "Unajua Jumamosi nilivyoonekana? Kama mtoto aliyezidi sare yake ya shule. Bibi harusi alikuwa ananicheka mimi, si vichekesho vyangu. Unajua?"

Neno lililotakiwa pale lilikuwa moja, na si gumu. Watoto wadogo hulisema wakivunja kikombe. Dobi hakuweza kulisema. Anayeomba msamaha amekubali kwamba amekosa, na Dobi tangu jana alikuwa mzee wa watu wasiokosa. Alishika ukingo wa kaunta. Aliangalia pasi. Aliangalia mlango.

"Hilo si doa la kawaida, bosi," alisema mwishowe. "Ni upako. Nitakuombea."

"Niombee suti," alisema Mshereheshaji.

Pazia likafunguka. Mkewe alitoka akijifuta mikono kwenye aproni. "Tusamehe, kaka," alisema. "Tumekukosea. Suti yako ilikuwa kavu, tukakunyima, tukaivaa, tukaiharibu."

 Mshereheshaji aliizungusha suti, akaipitisha mbele ya uso wa Dobi bila kumgusa, akamkabidhi mwanamke. "Nakupa wewe," alisema. "Yeye asiiguse."

Mke ameishughulikia wiki nzima, uani, kwa chokaa laini, dawa na brashi ndogo, doa likirudi nyuma kidogo kidogo kutoka begani kuelekea kwenye kola. Halijatoka lote, na amempelekea ujumbe Mshereheshaji kumwambia hivyo. Ataipeleka mwenyewe mpaka kwake.

Jumapili ijayo mke wa Dobi ataenda kanisa la mama yake. Dobi ataenda ghalani. Fundi matofali mmoja anapandishwa uzee siku hiyo, na mchungaji amempangia Dobi kumshika mkono mke wa fundi, kumleta mbele, na kumwuliza kama ni kweli.